Maji Ndani ya Buti: Hayaingilii Pale Yanapotuama

Maji ya kwenye buti ya gari, au kofre kama wasemavyo madereva wa Uvira, kwa kawaida hugunduliwa yakiwa yamekwisha kukaa siku nyingi. Sehemu ya chini kabisa ya buti ni shimo la tairi la akiba, nalo hufunikwa kwa ubao na kapeti. Mvua ikinyesha, maji hushukia humo kimyakimya na juu kapeti hubaki kavu. Dalili hujitokeza kwingine: vioo kushika ukungu alfajiri, sauti ya maji gari linapofunga breki, jeki iliyoliwa na kutu, uvundo usiokwisha. Anayebeba samaki wa ndagala au mukeke kutoka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika huchelewa zaidi kushtuka, maana harufu ya buti yake imeshapata wa kulaumiwa.

Magari mengi madogo yanayozunguka kati ya Uvira, Bujumbura na bonde la Ruzizi yalitoka Japani yakiwa yameshatumika, usukani ukiwa kulia katika nchi mbili, Kongo na Burundi, ambazo magari hupita upande wa kulia wa barabara. Corolla, Carina, RAV4, Probox: bati lake bado lina nguvu, lakini mpira wake una umri uleule wa bati, na mpira huzeeka upesi zaidi. Jua huukausha, mizigo huukandamiza, nao hubaki bapa na mgumu. Kisha yapo magari yaliyogongwa nyuma kabla ya kuuzwa. Fundi wa bodi hunyoosha bati, hupaka mastiki na rangi, gari likang'aa. Ila gundi ambayo kiwanda kilipaka kwenye maungio ya mabati mara nyingi hairudishwi. Maungio hayo hayaonekani kwa nje, na maji hupita humo kila mvua inaponyesha.

Ugumu wa kazi yote ni kwamba maji hayatuami yanapoingilia. Tone lililopenya ukingoni mwa paa linaweza kufuata nguzo ya nyuma, likapita nyuma ya plastiki za pembeni, likaibukia kwenye shimo la tairi, mita nzima kutoka lilikoanzia. Ndiyo maana mtu anayepaka gundi pale alipoona unyevu hurudia kazi hiyo kila mwaka.

Kiangazi, kuanzia Juni, buti husahaulika kwa sababu hakuna mvua ya kuikumbusha. Kumbe huo ndio msimu mzuri kuliko yote wa kuchunguza. Gari likienda kasi, hewa iliyo nyuma yake huwa na mgandamizo mdogo na huzungukazunguka. Vumbi lililotimuliwa na magurudumu hurudishwa mgongoni mwa gari na kupenya kila mwanya. Baada ya safari ya kusini kwenda Baraka, kupitia Makobola na Mboko, mfuniko wa buti ukifunguliwa huwa umejichora wenyewe. Mpira unaobana vizuri huacha mstari safi wa rangi ya gari ukingoni mwa bati. Pale ulipolegea mstari hukatika, na vumbi huonekana limepita kwa umbo la ulimi kuelekea ndani. Afadhali vumbi hilo lisomwe kabla halijafutwa. Hata hivyo si kila njia ya vumbi ni njia ya mvua, kwa sababu vumbi huweza kupanda na mvua hushuka tu. Mwanya ulio chini ya bampa mara nyingi hupitisha vumbi peke yake, mpaka siku gari linapovuka mto.

Upepo uleule unaoingiza vumbi huingiza pia moshi wa ekzosi, ambao ndani yake mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Desturi ya kusafiri mfuniko ukiwa wazi, umefungwa kwa kamba juu ya bidoni za mawese, ni ya hatari kuliko inavyodhaniwa, hasa vioo vya mbele vikiwa vimefungwa na abiria wa kiti cha nyuma wamesinzia.

Uvira una jambo lake jingine. Mji umebanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba, kwa hiyo avenyu nyingi hupanda kutoka ufukweni kwenda mlimani. Gari lililoegeshwa pua ikitazama mlima huelekeza maji yote ya paa nyuma, kwenye kioo, bawaba na taa. Likigeuzwa kutazama ziwa, buti ileile inaweza kukaa kavu mvua nzima. Mwenye gari akisema linavuja siku nyingine na siku nyingine halivuji, swali la kwanza linalofaa kuulizwa ni lilikuwa limeegeshwa vipi.

Milango ya maji si mingi sana. Mpira wa mfuniko ndio unaoshukiwa kwanza na kila mtu, ingawa taa za nyuma zina hatia mara nyingi vilevile: kila taa hukaa juu ya sponji jembamba, na sponji hilo likishapasuka au kukauka, maji hupita kwenye matundu ya skrubu. Nyuma ya bampa, kwenye kona, kuna vipenyo vya hewa vyenye vipande laini vya mpira vinavyofunguka kuruhusu hewa ya ndani itoke; fremu yake ikilegea, maji yanayorushwa na magurudumu huingia. Juu ya paa, chini ya tepe ndefu za pembeni, yamo maungio ya bati ambayo gundi yake hupasuka kwa joto. Magari yenye mlango mkubwa wa nyuma yana zaidi: ekseli ya waipa, bomba la maji ya kuoshea kioo, mpira wa kupitishia nyaya karibu na bawaba, taa ya tatu ya breki, boliti za reli za paa. Bomba la kuoshea kioo lina ujanja wake, kwani likikatika ndani ya mlango huvuja hata kiangazi, kila dereva anapobonyeza kitufe. Mwenye gari la dirisha la paani atazame pia vijibomba vinavyotoa maji pembeni mwa dirisha hilo, maana huzibwa na majani na vumbi.

Uchunguzi huanza kwa kutoa kila kitu: mizigo, kapeti, ubao, tairi, na plastiki za pembeni zinazofunika sehemu ya nyuma ya taa. Bati likaushwe kabisa, kisha linyunyiziwe unga mkavu. Poda ya watoto hufaa, unga wa muhogo pia hufaa na hauna gharama. Tone moja likishuka juu ya unga huacha mfereji mwembamba wenye kingo kali, na kuufuata mfereji huo kwenda juu ni kufika kwenye tundu lenyewe. Unga wa muhogo una kasoro ndogo: usipofutwa siku hiyohiyo huganda kuwa uji mgumu kwenye maungio.

Mtu mzima mmoja huingia ndani na tochi, viti vya nyuma vikiwa vimelazwa ili aweze kutoka mwenyewe. Mtoto asifungiwe humo hata kwa dakika moja. Wa nje humwaga maji. Mahali ambapo bomba halitoi maji kila siku, bidoni moja ya lita 20 na chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko vinatosha, tena ni bora kuliko mashine ya kuoshea magari. Maji ya presha hupenya hata penye mpira mzima na kumpa fundi jibu la uongo. Umwagaji uanzie chini: kwanza usawa wa bampa, kisha taa, kisha kingo za mfuniko, kioo, na paa mwishoni, kila sehemu ikipewa dakika kama tano na mwenye tochi akitazama. Anayeanzia paani hulowesha kila kitu kwa mara moja, na hata akiona tone hajui limetoka wapi.

Mpira wa mfuniko una kipimo chake chepesi. Noti ya faranga huwekwa juu ya mpira, mfuniko ukafungwa, noti ikavutwa. Ikikwama, mpira unabana. Ikiteleza, hapo pana mwanya. Zoezi hurudiwa kila baada ya upana wa kiganja kuzunguka buti nzima. Kuna pia njia ya povu: vioo vyote hufungwa, feni ya gari huwashwa kwa nguvu ikivuta hewa ya nje, vipenyo vya hewa vya nyuma huzibwa kwa utepe, kisha povu la sabuni hupakwa kandokando ya taa, kioo na mfuniko. Hewa inayotoka hutoa mapovu penye tundu. Njia hii huwafaa wasio na maji ya kumwaga, lakini hudai utulivu, na upepo wa ziwani ukianza kuvuma mchana kazi huharibika.

Tundu likijulikana, ukarabati wenyewe ni kazi ya saa chache. Makosa mawili hurudiwa gereji nyingi. Kosa moja ni kupaka silikoni ya vioo vya nyumba kila mahali. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo huanzisha kutu kwenye bati lisilo na rangi. Isitoshe, rangi haishiki juu ya silikoni, na fundi anayekuja baadaye hutumia muda mrefu kuikwangua kuliko kurekebisha. Kosa la pili ni kutoboa sakafu ya buti ili maji yatoke. Hilo halizuii maji kuingia. Huongeza mlango mmoja zaidi, tena wa chini, na kingo za tundu hilo zisizopakwa rangi huanza kuliwa mara moja.

Taa ya nyuma hufunguliwa kwa ndani, nati tatu au nne za spana namba 8 au 10. Sponji kuukuu hukwanguliwa lote na bati husafishwa kwa spiriti. Sponji la kuweka liwe la aina isiyonywa maji. Kipande cha godoro, ambacho hutumiwa sana kwa kuwa kipo, hufyonza maji na kuyashikilia dhidi ya bati, hivyo kutu huanza palepale palipodhaniwa pamezibwa. Likikosekana sponji la dukani, mpira laini wa tyubu ya gurudumu uliokatwa kwa umbo la taa ni afadhali. Nati hukazwa kidogokidogo kwa kupishana, kwa sababu plastiki ya taa ikikazwa upande mmoja hupasuka, na bei ya taa nzima hailingani na bei ya sponji.

Maungio ya bati huzibwa kwa gundi ya poliuretani ya mabodi. Gundi ya zamani iliyopasuka huondolewa, kutu hupigwa brashi ya waya na msasa mpaka bati safi, rangi ya msingi hupakwa na kukauka, ndipo gundi hubanwa ndani ya uungio na kulainishwa kwa kidole. Gundi hii hukauka kwa msaada wa unyevu wa hewa, kwa hiyo hali ya kando ya ziwa huisaidia. Hata hivyo ipewe siku nzima kabla ya kumwagiwa maji. Kioo cha nyuma kilichoachia hakitibiwi kwa kupakwa juu. Huondolewa na kubandikwa upya, na hiyo ni kazi ya fundi vioo.

Mpira wa mfuniko si lazima ununuliwe kwanza. Pengine umejaa mchanga tu na unahitaji maji ya sabuni. Pengine mfuniko wenyewe haushuki vya kutosha, na dawa ni kulegeza boliti za ndoano ya kufuli na kuishusha milimita moja au mbili. Mpira uliobonyea mahali pamoja unaweza kuinuliwa kwa kupitisha mrija mwembamba wa plastiki ndani ya uwazi wake. Mpira mpya wa kukatwa kwa mita ukatwe mrefu kidogo ili ncha zake zisukumane. Kuulainisha kwa grisi ya kawaida au oili ya injini ni kuuharibu, kwani mafuta ya petroli huuvimbisha. Grisi ya silikoni ndiyo yake.

Kisha buti irudishwe ikiwa kavu. Kapeti yenye sponji chini hudai zaidi ya siku moja ya jua. Soketi za nyaya zilizo karibu na taa zifunguliwe na kutazamwa kama zina unga wa kijani, dalili ya shaba iliyoanza kuliwa.

Yapo maji yasiyotoka juu kabisa. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukaingia mitaani Uvira. Mwaka 2024 ziwa lilipanda na kufunika maeneo ya kandokando Uvira na Bujumbura, na barabara ya Gatumba, ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira, imejulikana kwa kufunikwa na maji. Gari linalopita humo hupokea maji kwa chini, kupitia vipenyo vya hewa nyuma ya bampa na vizibo vya mpira vilivyo sakafuni. Alama yake haifanani na ya mvua: tope laini la kahawia lililotanda sawasawa, na mstari wa kina cha maji ukutani mwa buti. Gari la namna hiyo halihitaji gundi paani. Kizibo cha shimo la tairi huondolewa, maji na tope vikatolewa, vipande vya mpira vya vipenyo vikaoshwa ili visikwame wazi, kisha kizibo kikarudishwa. Kilichopotea kinunuliwe cha ukubwa wake, wala kisizibwe kwa utepe. Baada ya kukipachika, maji kidogo humwagwa ndani ya shimo huku mtu akitazama chini ya gari. Yakidondoka, kizibo hakijakaa sawa.