Utangulizi: Historia ya Himaya kwa Msomaji wa Kericho na Bomet

Kama umekulia kwenye mashamba ya chai ya Kericho au Bomet, umeingia darasani na ujuzi ambao wengi wetu tuliupata ukubwani. Unajua kuna ardhi ya kampuni na kuna ardhi ya wanakijiji, na kwamba mpaka ule haukujichora wenyewe. Mwanahistoria wa himaya anatafuta aliyeuchora, kwa sheria ipi, na nani aliumia.

Himaya ni dola inayotawala nchi na watu wa mbali na makao yake. Taaluma ya baada ya ukoloni huchunguza jinsi utawala huo unavyoendelea kuishi katika hati za ardhi, sheria na fikra, hata bendera yake ikishateremshwa. Wanafunzi wengi hudhani inahusu miaka iliyofuata uhuru wa 1963 tu. Sivyo, inatazama ukoloni wenyewe pia, kutoka upande wa waliotawaliwa.

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga takribani ekari 25,000 Kericho kwa ajili ya maofisa wa Uingereza waliopata ulemavu vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa. Ardhi haikurudishwa kwa Wakipsigis. Katikati ya miaka ya 1920 zikaja kampuni za chai: Brooke Bond, kisha James Finlay. Mwaka 1934 ikatungwa sheria maalumu ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa orkoiik, yaani viongozi wa kiroho, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria.

Tumejuaje haya? Hapo ndipo tunapofika kwa wanahistoria, na ningependa uanze na Henry Mwanzi. Mwaka 1977 kitabu chake kuhusu historia ya Wakipsigis kilichapishwa Nairobi. Kabla yake, msomaji alikuwa na maandishi ya Orchardson, na utafiti wa Peristiany wa mwaka 1939, kazi zenye thamani lakini zilizoandikwa na wageni wakati wa ukoloni. Mwanzi aliyapa masimulizi ya wazee hadhi ya ushahidi. Baadaye akaandika sura kuhusu upinzani wa watu wa Afrika Mashariki katika juzuu ya saba ya Historia ya Afrika ya UNESCO, iliyotoka mwaka 1985.

Athari ya kazi kama ya Mwanzi hupimwaje? Msomi anapotumia kazi ya mwenzake, huitaja katika tanbihi, yaani maelezo mafupi chini ya ukurasa au mwishoni mwa sura. Kutajwa huko kunaitwa rejeleo. Siku hizi marejeleo huhesabiwa kwa kompyuta. Kipimo kimoja, faharasa ya h, kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch: mwenye faharasa ya 10 ana machapisho 10 ambayo kila moja limerejelewa angalau mara 10.

Nakusihi ukitumie kipimo hicho kwa uangalifu. Kilibuniwa na mwanafizikia, na fizikia huendeshwa kwa makala fupi majaridani. Sisi huandika vitabu, na kitabu kilichochapishwa Nairobi miaka ya 1970 huweza kusomwa na kizazi kizima cha walimu bila kompyuta hizo kukiona. Na wazee waliosimulia, ambao pasipo wao kitabu kisingekuwepo, hawana faharasa yoyote. Kwangu mimi, hilo ni pengo la haki kabla halijawa pengo la takwimu.

Kuna athari nyingine ambayo hesabu hizi haziifikii: ile ya mahakamani. Mwanahistoria David Anderson, ambaye mwaka 1993 alichapisha makala muhimu kuhusu uhalifu na upinzani miongoni mwa Wakalenjin, alitoa mwaka 2005 kitabu kuhusu uasi wa Mau Mau na watu 1,090 walionyongwa. Mwaka huo huo mwanahistoria Caroline Elkins alitoa chake kuhusu kambi za kizuizini. Wote wawili, pamoja na mwanahistoria mwenzao Huw Bennett, walitoa ushahidi wa kitaalamu katika kesi ya wazee wa Mau Mau walioishtaki serikali ya Uingereza kwenye Mahakama Kuu ya London. Kesi hiyo ndiyo iliyoilazimisha serikali ya Uingereza, mwaka 2011, kukiri kuwa ilikuwa imeficha maelfu ya faili za makoloni huko Hanslope Park. Mwaka 2013 ilikubali kuwalipa wadai 5,228. Wakipsigis na Watalai nao walipeleka madai yao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2022.

Basi anza hivi. Soma sura ya Mwanzi katika juzuu ya UNESCO, kwanza maandishi yenyewe, kisha tanbihi peke yake, ukiuliza kila mara: huyu alijuaje? Ukiona imetajwa ripoti ya wilaya, iombe katika Nyaraka za Taifa, Nairobi. Ukiona ametajwa mzee, uliza katika kijiji chake nani bado anaikumbuka habari hiyo, na uende na daftari.