Kubadilishana Zamu ya Kuitwa Kazini: Makubaliano Hukamilika Lini?

Ni saa nane usiku. Mama aliyejifungua muda mfupi uliopita anaanza kutokwa na damu nyingi. Mkunga anatazama ratiba iliyobandikwa ukutani, kisha anampigia simu daktari aliyeandikwa. Daktari huyo yuko msibani, mkoa mwingine: "Zamu yangu nilimwachia mwenzangu." Mwenzake anapopigiwa, anajibu kwamba alielewa ni usiku wa kesho. Mfano huu ni wa kubuni, lakini aliyewahi kufanya kazi wodini hataushangaa. Madaktari wapo, ila hakuna hata mmoja anayejijua kuwa ndiye mwenye zamu, na damu haisubiri.

Zamu ya kuitwa kazini humtaka mtaalamu, awe hospitalini au nyumbani, apokee simu na kufika haraka anapohitajika. Ugonjwa, msiba, kuuguliwa au mtihani ni sababu za haki za kumwomba mwenzako akushikie zamu. Hatari huanza pale wawili hao wanapodhani kwamba ahadi yao inatosha. Kanuni iliyo salama ni hii: zamu hubaki ya aliyeandikwa katika ratiba mpaka mambo manne yatimie.

Kwanza, ombi liandikwe, likitaja tarehe na saa za kuanza na kumaliza. "Usiku wa Jumamosi" kwa baadhi yetu ni usiku wa kuamkia Jumamosi, na kwa wengine ni usiku unaofuata. Heri kuandika: "Jumamosi saa 2:00 usiku hadi Jumapili saa 2:00 asubuhi", pamoja na tarehe zote mbili.

Pili, anayepokea awe na ujuzi unaolingana na kazi hiyo, na awe amepumzika. Mwaka 1997, watafiti Dawson na Reid wa Australia walionyesha kuwa mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hupungukiwa utendaji kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa 12 asubuhi hufikia hapo saa 5 usiku. Kwa hiyo, kumpa zamu ya usiku aliyeshinda kazini mchana kutwa ni kuziba pengo kwa pengo.

Tatu, msimamizi wa ratiba aidhinishe, na kila nakala irekebishwe: wodini, chumba cha upasuaji, maabara na mapokezi ya simu. Jina la awali likatwe; jina jipya na nambari ya simu viandikwe, na nambari hiyo ijaribiwe kabla ya zamu kuanza. Anayepiga simu usiku ni muuguzi, naye asipojua mabadiliko, ni kana kwamba hayakufanyika.

Nne, wagonjwa wakabidhiwe. Anayeondoka ataje walio katika hali mbaya, matibabu waliyopata, kilichobaki kufanywa na dalili za kuangaliwa. Anayepokea ayarudie kwa maneno yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanyika katika hospitali 9 za Marekani na Kanada, ulionyesha kuwa makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23 baada ya makabidhiano kufuata utaratibu maalumu.

Mbadala asipopatikana, aliyeandikwa amjulishe mkuu wa idara mapema, ili uamuzi ufanywe mchana, wakati watu bado wanaweza kutafutwa. Kunyamaza kwa matumaini kwamba usiku utapita salama ni kumwachia mgonjwa mzigo asioujua.

Nanyi wagonjwa na ndugu mnaouguza, mna haki ya kuuliza kwa upole: "Daktari wa zamu usiku huu ni nani?" Swali hilo si utovu wa adabu. Wodi iliyokamilisha mambo haya manne hulijibu mara moja. Na ikiwa jibu halipatikani, ni afadhali pengo hilo ligunduliwe jioni kuliko saa nane usiku.