Insha za Wanavyuo Zisifie Kabatini

Wahenga walinena ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo aghalabu huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini taifa nalo lina mali ipitayo zote, nayo ni watu wake. Daftari la mali hiyo ni sensa. Tangu mwaka 1969 Kenya imekuwa ikiwahesabu watu wake kila baada ya miaka kumi. Swali ninalotaka kuwauliza wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu ni hili: daftari likishaandikwa, ni nani humsomea mwananchi yaliyomo?

Tutazame mfano ulio karibu nasi. Kwa miaka mingi ilisemwa na kuandikwa kwamba mtaa wa Kibera jijini Nairobi una watu milioni moja au zaidi. Matokeo ya sensa ya 2009 yalipotangazwa mwaka 2010, Kibera ilionekana kuwa na watu 170,070. Wapo waliodai kwamba karani wa sensa hawezi kumfikia kila mtu katika vichochoro vile, na wengine wakauliza mipaka ya mtaa wenyewe inaanzia wapi na kuishia wapi. Hoja hizo zina uzito wake. Hata hivyo, ni vigumu kuamini kwamba makarani waliwakosa watu watano katika kila sita. Yamkini ile milioni moja ilikua kwa njia ya uvumi: huyu alimnukuu yule, na yule akamnukuu mwingine, mpaka ikawa kana kwamba ni kweli.

Zamani uvumi wa namna hiyo ungesahihishwa na mwalimu mwenye kitabu mkononi. Siku hizi mwanafunzi, mwandishi wa habari, hata mwanasiasa, akitaka kujua idadi ya watu wa mahali fulani hufungua simu yake na kusoma Wikipedia, ile kamusi elezo ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2001 na kupata toleo la Kiswahili mwaka 2003. Kamusi hiyo huandikwa na yeyote apendaye. Hapo ndipo penye nguvu yake, na hapo ndipo penye hatari yake. Kosa likiachwa humo haliishii humo, maana hata programu za akili mnemba zinazojibu maswali ya watu zimefunzwa, pamoja na mengine, kwa makala ya kamusi hiyo.

Wenzetu ng'ambo wameitambua nafasi iliyopo. Tangu mwaka 2010 wahadhiri kadhaa nchini Marekani wamekuwa wakiwapa wanafunzi kazi ya kutengeneza makala ya Wikipedia badala ya insha ya kawaida. Mwanafunzi huchagua makala yaliyo dhaifu, akayasoma kwa makini na kuorodhesha yanayokosekana. Kisha hukusanya vitabu na ripoti za kuaminika, akaandika rasimu katika ukurasa wa mazoezi, na wenzake wakaikosoa. Baadaye huiweka hadharani, ambapo watu asiowajua huipekua na kuifuta sentensi yoyote isiyo na ushahidi. Huo ni mtihani mkali kupita ule wa mhadhiri mmoja aliyechoka, mwenye insha mia mbili mezani.

Somo la idadi ya watu, au demografia, linafaa mno kwa kazi hii, kwa kuwa maneno yake hutumiwa na wengi na kueleweka na wachache. Mathalani, tukiambiwa kwamba umri wa kuishi katika nchi fulani ni miaka 60, wengi hudhani kwamba mzee wa miaka 80 huko ni muujiza. Kumbe hiyo ni wastani, na wastani huo huvutwa chini na vifo vya watoto wachanga. Aliyevuka utoto salama ana matumaini ya kuishi zaidi ya hapo.

Au tuchukue habari za uzazi. Mwishoni mwa miaka ya sabini, mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto wanane kwa wastani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wastani huo umeshuka hadi 3.4. Lakini watu wetu, waliokuwa takribani milioni 15.3 katika sensa ya 1979, walifika milioni 47.6 katika sensa ya 2019. Je, yawezekanaje uzazi upungue na watu waongezeke? Sababu ni kwamba mabinti waliozaliwa katika zile familia kubwa walikua wakawa akina mama. Kina mama wakiwa wengi, hata kila mmoja akizaa watoto wachache, jumla ya wanaozaliwa hubaki kubwa. Isitoshe, watoto wengi zaidi huishi siku hizi kuliko zamani. Mwanafunzi awezaye kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili ambacho mama wa sokoni atakielewa, huyo amelielewa somo.

Wala haya si mambo ya darasani tu. Katika kanuni ya kwanza ya kugawa fedha baina ya kaunti zetu, idadi ya watu ilibeba asilimia 45 ya uzito. Katiba ya 2010 nayo inataka mipaka ya maeneo ya ubunge izingatie idadi ya watu. Ndiyo maana serikali ilipoyatilia shaka matokeo ya sensa katika wilaya nane za kaskazini mwaka 2010, mzozo ulizuka ukafika mahakamani. Mwananchi asiyejua hesabu hizi hufanywaje, atamfuata mwanasiasa mwenye sauti kubwa.

Kuna atakayesema kwamba jambo hili lilikwisha kujaribiwa. Ni kweli. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google ilianzisha shindano la kuwahimiza wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania waandike makala katika Wikipedia ya Kiswahili. Mamia ya makala yaliandikwa. Zawadi zilipokwisha, wengi wa waandishi hao nao walitoweka. Nionavyo, funzo lililopo ni kwamba zawadi huleta umati wa siku moja. Kazi ikiwa sehemu ya kozi, ikitolewa alama na kusimamiwa na mhadhiri, kila mwaka huleta kundi jipya la kuendeleza lililoachwa na wenzao. Na la kuendeleza lipo tele. Makala mengi ya Kiswahili juu ya kata za Tanzania hayana mengi zaidi ya mahali kata ilipo na idadi ya wakazi wake, na kila sensa mpya, kama ile ya 2022, huyafanya yachakae.

Najua wahadhiri wengi huwakataza wanafunzi wao kuinukuu kamusi hii, na katazo hilo nakubaliana nalo, kwani mtafiti hufuata chanzo chenyewe. Lakini kisima ambacho kijiji kizima hukinywea hakiachwi na tope kwa sababu tu fundi wa kijiji ana mtungi wake. Masharti lazima yawepo. Mwanafunzi asitie maoni yake, asinakili maneno ya mwingine, wala asimwage humo tafsiri ya mashine asiyoisoma. Kila tarakimu iwe na mwaka wake na chanzo chake. Ripoti za Shirika la Kitaifa la Takwimu zinapatikana bila malipo, na maktaba za vyuo zina vitabu vinavyongoja wasomaji.

Kila muhula maelfu ya insha huandikwa, hutiwa alama nyekundu, kisha hufungiwa kabatini zikawa chakula cha mchwa. Mhadhiri mmoja wa demografia, mwenye wanafunzi thelathini, anaweza kusahihisha makala thelathini kabla ya muhula kwisha. Mwenzake wa Kiswahili akikubali kuipitia lugha yake, taifa litapata daftari linalosomeka. Na aanze nani, ila sisi wenye daftari?