Bomba la Moshi la Motokaa: Namna ya Kulifunga Lisivuje wala Lisigonge

Watu wa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Manyoni wanaijua sauti ya motokaa iliyovunjika bomba la moshi. Husikika kijijini kabla vumbi lake halijaonekana. Wengi huicheka, na vijana wengine huipenda. Walakini sauti hiyo ni habari, nayo yafaa isikilizwe, kwa maana mahali inapotoka kelele ndipo inapotoka na hewa ya sumu, na aghalabu mahali hapo ni chini ya miguu ya abiria.

Kazi ya kwanza ya bomba hili, ambalo mafundi huliita ekzosi, ni kuuchukua moshi wa injini mpaka nyuma kabisa ya gari. Kunyamazisha ni kazi ya pili. Ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves wa Columbus, Indiana, walipewa hati ya uvumbuzi wa chombo cha kunyamazisha injini mwaka 1897, na sailensa tunazoziona leo ni za ukoo huo. Watu wengi huijali sailensa wakaisahau kazi ile ya kwanza.

Katika moshi wa petroli mna hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikereketi koo. Mtu akiivuta hushikamana na damu yake kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikawa yazunguka mwilini bila kuchukua kitu ambacho mwili unakihitaji. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, ulegevu na usingizi. Basi mtu aliyepanda gari Kwamtoro asubuhi akashuka mjini kichwa kikimgonga, atasema ni malaria au uchovu wa njia. Na mtoto aliyelala kiti cha nyuma hasemi neno. Jambo hili likishukiwa, gari na lisimame, watu wote watoke nje penye upepo, na aliyelegea apelekwe hospitali apewe oksijeni. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu huchukua kama saa nne au tano kutoka damuni. Kwa oksijeni safi muda huo hupungua hata ukakaribia saa moja na nusu.

Hatari huzidi katika gari lililoondolewa kichocheo. Magari mengi ya petroli yatokayo Japani huja na kopo hilo, ambalo ndani yake mna kigae chenye matundu membamba sana, kilichopakwa madini ya thamani kama platinamu na paladi. Moshi ukipita humo, sehemu kubwa ya kaboni monoksidi hugeuzwa kuwa hewa isiyo na sumu kali. Wako watu wanaolikata kopo hilo wakaliuza kwa ajili ya madini yake, na mahali pake wakatia bomba tupu. Hatuoni faida katika biashara hiyo.

Sasa tuulize kwa nini bomba huvunjika. Pwani husingiziwa hewa ya chumvi. Huku kwetu hakuna chumvi, lakini kuna barabara. Lami ya kwenda Babati ilifunguliwa mwaka 2018, lakini ukiiacha kidogo tu kuelekea vijijini wakutana na mawimbi madogo ya udongo mkavu, ambayo huitikisa kila nati iliyo chini ya gari. Ardhi hii haijapata kukibembeleza chuma. Wale waliokuja Kongwa mwaka 1947 kulima karanga kwa matrekta waliona plau zao zikiliwa na udongo wake mkali, na mpango ule ukaachwa mwaka 1951. Mjini sababu ni nyingine. Petroli lita moja ikiungua hutoa maji karibu lita moja, na katika safari ndefu maji hayo hutoka yakiwa mvuke. Lakini tangu ofisi za Serikali zilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, yako magari mengi yasiyokwenda ila kilomita tatu asubuhi na tatu jioni. Sailensa haipati moto wa kutosha, maji hulala ndani, na kutu hula kutoka ndani kwenda nje. Gari la shamba hufa kwa mtikisiko, la mjini hufa kwa maji.

Illa kwa bomba jipya lililotengenezwa na fundi, sababu iliyo kubwa kuliko zote ni kufungwa vibaya. Injini imekalishwa juu ya raba, nayo hucheza kila dereva akanyagapo mafuta. Bomba lililoshikamana nayo halina budi kucheza pia. Tena chuma kikipata moto hurefuka. Bomba la urefu wa mita tatu, likipashwa moto digrii 300 za sentigredi, huongezeka zaidi ya milimita 10. Fundi asiyejua haya hulifunga kama nguzo ya nyumba, na bomba, kwa kuwa halina pa kwenda, hupasuka penye ulehemu. Mwenye gari husema ulehemu ni mbaya, akalehemu tena palepale, na baada ya mwezi yuko karakana tena. Kanuni ni hii: penye kiungo pakazwe sana, penye kuning'inia paachwe huru.

Bomba lenyewe liwe la chuma kilichopakwa alumini au kisichoshika kutu, unene wa milimita moja na nusu hivi. Bomba la maji lililopakwa zinki lisitumiwe, hata likiwa rahisi, kwa sababu zinki ikichomwa hutoa moshi unaompa fundi homa na kutetemeka usiku. Apindaye kwa mkono hujaza mchanga ndani ili tao lisibonyee. Mchanga huo na uwe mkavu kabisa, kwa maana unyevu ndani ya bomba lililozibwa na kutiwa motoni hugeuka mvuke na kulipasua usoni pa mtu.

Gari likiisha kuinuliwa lisiachwe juu ya jeki peke yake, bali likalishwe juu ya stendi au magogo mazito. Ncha ya hasi ya betri ifunguliwe kabla ya kulehemu. Kisha bomba lote litundikwe kwanza bila kukazwa popote, kuanzia kwenye injini kwenda nyuma, na fundi alitazame: lisiguse sakafu, lisiguse ekseli inapopanda na kushuka, lisikaribie tangi la mafuta wala mipira ya breki. Nafasi ya milimita 25 ni ndogo kuliko zote zinazofaa, na penye mafuta iwe kubwa zaidi pamoja na bati la kukinga joto. Likiisha kukaa sawa, viungo vishikizwe kwa nukta za ulehemu palepale chini ya gari, ndipo lishushwe likalehemiwe mzunguko mzima mezani, ambapo fundi aona anachokifanya.

Bomba linapoingia ndani ya jingine, la upande wa injini ndilo liingie, na la nyuma lilipokee, kwa kina cha milimita 40 au 50. Klampu pana kama mkanda hushika vizuri kuliko ile ya bolti iliyopindwa, ambayo hulibonyeza bomba hata likakataa kufunguka. Penye flanji, nyuso zote mbili zisuguliwe mpaka ziwe bapa, gasketi iwe mpya, na bolti zikazwe kidogo kidogo kwa zamu. Karibu na injini pawekwe kiungo cha kunyumbuka, kile chenye wavu wa chuma. Huyapokea mapigo ya injini yasifike nyuma. Vining'inizo viwe vya raba, karibu na vitu vizito kama sailensa. Waya ni wa kufikia nyumbani tu. Mwenye kuuacha kwa mwaka mzima hupata mgongo wa gari unaolia kama debe, kwa maana waya hupitisha kila mtikisiko.

Ikiwa gari bado lagonga, pigapiga kwa ngumi bomba likiwa baridi. Mara nyingi mkosaji ni bati la kukinga joto lililopoteza bolti. Mlio wa vigae ndani ya kopo maana yake kichocheo kimevunjika.

Kujua kama bomba lavuja si kazi kubwa. Injini iwashwe ingali baridi, nje penye upepo wala si ndani ya banda. Mtu mmoja azibe ncha ya nyuma kwa kitambaa kizito kwa muda mfupi, na mwenziwe asikilize viungo na kuvipaka maji ya sabuni. Mapovu yataonyesha, na baadaye masizi meusi yataonyesha vilevile. Uvujaji ulio mbele ya kipimaji cha oksijeni una hila yake: hewa ya nje huingia, kompyuta ya injini hudhani petroli ni kidogo ikaongeza, na mwenye gari hulipa.

Mwisho wa bomba utokeze nje ya mwili wa gari. Hata hapo, wenye Noah na Hiace wanaofunga mlango wa nyuma kwa kamba ili magunia ya alizeti yaenee wajihadhari, kwani gari likienda kasi hewa ya nyuma hunyonywa ndani, na moshi huja nayo. Magunia hayadhuriki, lakini waliokaa mbele yake hudhurika. Nati zote zikazwe tena baada ya bomba jipya kupata moto mara ya kwanza na kupoa, na mara ya pili baada ya safari moja ya barabara mbaya.