Somo la Leo: Neno "Kuhadithia"

Fungueni madaftari yenu. Leo tutatazama neno moja: kuhadithia.

Neno hili limetokana na hadithi, nalo hadithi tumelipata kwa Waarabu. Kwao maana yake ni mazungumzo, habari. Tena ni kitu kipya. Waislamu huziita Hadithi habari za maneno na matendo ya Mtume Muhammad, na hizo hupokewa pamoja na majina ya waliopokezana: fulani amesikia kwa fulani, naye kwa fulani. Basi mtu akikuambia, "Hizo ni hadithi tu," akitaka kusema ni uwongo, jueni kwamba hiyo siyo maana ya asili.

Kisa nalo limetoka kwa Waarabu. Kitenzi chake huko kina maana ya kufuata nyayo, na pia kusimulia. Msimuliaji hulifuata jambo kama mtu afuatavyo nyayo za ng'ombe aliyepotea.

Waingereza husema "tell". Zamani sana neno hilo lilikuwa na maana ya kuhesabu. Ndiyo sababu karani wa benki ahesabuye fedha huitwa "teller" mpaka leo. Msimuliaji naye hutaja mambo moja baada ya moja, kama mkulima ahesabuvyo magunia yake ya mpunga. Ukiruka gunia moja, hesabu imeharibika. Ukiruka jambo moja, hadithi imeharibika.

Kwa nini tunajifunza haya? Wazee wetu wanajua shamba lilivyogawanywa, na mto ulipopita kabla haujahama. Mzee akifa habari zake hazijaandikwa, amekwenda nazo. Siku ugomvi wa mpaka ukifika barazani, wajukuu watasema nini? Ninyi sasa mnajua kuandika. Kazi hii ni yenu.

Zoezi. Mwombe mzee mmoja akuhadithie jambo moja. Liandike kwa sentensi tano, kwa mfuatano wake. Chini yake andika nani amekuhadithia, kama aliliona mwenyewe au alisikia kwa nani, na tarehe ya leo. Kisha msomee yeye mwenyewe, akuambie kama umeruka kitu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.