Nyuki Ndani ya Pua

Julai ikifika Sigino, Babati, mashine za kupukuchua mahindi huanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Trekta linaivuta mashine mpaka uwanjani, turubai linatandikwa, na kwa saa nzima au zaidi hakuna anayemsikia mwenzake. Punje zinatokea upande huu, magunzi upande ule, na juu ya vyote linapanda wingu jepesi la pumba, rangi ya chai ya maziwa, linaloning'inia hewani mpaka upepo uamue limwendee nani. Kina mama hujifunga khanga puani. Vijana wanaoilisha mashine wengi wao hawajifungi kitu. Jioni ukimwona mmoja anapenga kamasi, kitambaa kinatoka cheusi.

Nilimkuta mama yangu mdogo nyuma ya nyumba, amekalia kigoda, ungo wa mbaazi mapajani.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, ila usinisogelee sana. Hii sainasi imenirudia.”

Akaweka kidole chini ya jicho la kushoto, akabonyeza taratibu. “Hapa. Nikiinama kufagia ni kama kuna jiwe linahama.” Aliwahi kung'olewa jino la juu upande huohuo kwa maumivu hayahaya. Jino likaenda, maumivu yakabaki. Sasa binti mmoja wa kwayani amemwonyesha kwenye simu zoezi la yoga la kupumua huku unavuma kama nyuki, naye amelijaribu siku nne. Alitaka nimwambie jambo moja: “Ni dawa kweli, au ni mambo ya Wahindi tu?”

Swali lake ni zuri, na linastahili kujibiwa kwa uangalifu.

Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vya hewa, jozi nne: mashavuni, kwenye paji juu ya nyusi, kati ya macho, na nyuma kabisa ya pua. Hivyo ndivyo sainasi. Kila mtu anazo, mzima na mgonjwa. Kikubwa zaidi ni chumba cha shavuni. Sakafu yake inakaa juu ya mizizi ya magego ya juu, karibu kiasi kwamba chumba kikivimba jino zima kabisa huuma, na hapo ndipo watu wanapong'oa lisilo na hatia. Tena chumba hicho kina jambo ambalo fundi yeyote wa nyumba angeshangaa kuliona: tundu lake la kutolea maji liko juu, karibu na dari, na upana wake ni milimita chache tu. Ukiwa umesimama, ute hauwezi kutiririka wenyewe. Unapandishwa. Vinyweleo visivyoonekana kwa macho vimeota ukutani kote, vinapiga kama makasia zaidi ya mara kumi kwa sekunde, vyote kuelekea tunduni, usiku na mchana.

Kwa siku moja mtu mzima hupitisha kiasi cha lita 10,000 za hewa. Pua inaipasha joto, inaitia unyevu, inanasa vumbi lake. Mafua yakiingia, au pumba, au moshi, utando wa ndani unavimba na lile tundu dogo linaziba. Ute unatuama. Vinyweleo vinachoka. Mtu anaanza kusikia jiwe linalohama.

Sasa turudi kwa nyuki. Mwaka 1995 Jon Lundberg na wenzake wa Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, Sweden, walitangaza kwamba sainasi hutengeneza kwa wingi gesi iitwayo naitriki oksaidi. Si gesi ngeni kwa tiba: kazi ya kuonyesha jinsi inavyolegeza mishipa ya damu iliwapa wanasayansi watatu wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Ikiwa nyingi kama ilivyo ndani ya sainasi, gesi hiyohiyo huwasumbua bakteria na virusi. Kisha mwaka 2002 Lundberg na Eddie Weitzberg waliwapima watu wazima wenye afya kwa njia rahisi mno. Waliwaambia watoe pumzi puani kimyakimya, halafu watoe tena huku midomo imefumbwa na koo linavuma. Pumzi yenye mvumo ilibeba naitriki oksaidi mara 15 zaidi ya ile ya kimya.

Gesi hiyo haikutengenezwa papo hapo kwa sababu ya sauti. Ilikuwa imejaa vyumbani, ikangoja kutolewa. Mpe mtoto chupa tupu ya soda apulize mdomoni mwake mpaka ilie. Hewa ya ndani ya chupa inacheza, inatoka na kuingia, ingawa hakuna aliyeingiza kitu. Pumzi inayotetemeka ikipita mbele ya tundu la sainasi inafanya vivyo hivyo: kila mtetemo unavuta kidogo na kusukuma kidogo, na katika pumzi moja chumba kinabadilisha hewa zaidi kuliko ambavyo kingeibadilisha kwa pumzi nyingi za kimya.

Katika yoga zoezi hilo huitwa bhramari, jina la Kisanskriti linalotokana na nyuki, nalo limo katika Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha India cha karne ya 15. Waliolibuni hawakuwa na kipimo cha gesi. Walikuwa na masikio, na subira ya kuchunguza miili yao wenyewe, jambo ninaloliheshimu sana. Kwa watu wa Babati jina hilo halihitaji mkalimani: mizinga inaning'inia mitini, na msitu wa Duru-Haitemba, ambao vijiji vyenyewe vilianza kuumiliki na kuulinda katikati ya miaka ya 1990, umejaa sauti hiyo wakati wa maua. Kuhusu “mambo ya Wahindi”, nilimwambia mama mdogo kwamba mwalimu wake wa kwaya huwafumbisha midomo na kuwavumisha wimbo kabla ya kuwapa maneno. Koo ni lilelile na pua ni ileile. Mkristo au Mwislamu anayeona neno yoga linamkwaza anaweza kuliacha neno na kubaki na pumzi.

Namna ya kufanya haina ugumu. Kaa wima, mabega yakiwa yamelegea. Vuta hewa puani bila haraka. Fumba midomo lakini usiumanishe meno, kisha toa pumzi puani huku unavuma “mmm” kwa sauti nene, ya chini, mpaka pumzi ikaribie kwisha yenyewe bila kuikamua. Ukiweka kidole ubavuni mwa pua utausikia mtetemo. Ukiuhisi kooni tu, sogeza sauti mbele. Pumzi kumi, asubuhi na jioni, zinatosha kwa kuanzia. Ukipata kizunguzungu unalazimisha, pumzika.

Hapa lazima niseme jambo ambalo video za simu hazilisemi. Mwaka 2003 kundi hilohilo la Stockholm liliwapima wagonjwa ambao matundu ya sainasi zao yalikuwa yamezibwa kabisa na vinyama vya pua. Wakavuma, na gesi haikupanda hata kidogo. Mvumo unapitisha hewa kwenye tundu lililo wazi, au lililobana kidogo; lililofungwa haulifungui. Na ule mpimo wa mara 15 ulipima gesi, haukupima uponyaji. Ushahidi kwa wagonjwa wenyewe bado ni mdogo: majaribio machache yenye watu wachache. Kwa hiyo nilimjibu mama mdogo hivi: ni usafi wa nyumba, si dawa ya kuangamiza ugonjwa. Usafi wa nyumba nao una thamani yake, hasa usipogharimu hata senti.

Watu wengi huniuliza pia kuhusu kupumua tundu moja baada ya jingine, kwa kuziba pua kwa kidole. Wanaona tundu moja limebana, wanadhani ni ugonjwa. Mara nyingi sivyo. Daktari Mjerumani, Richard Kayser, alieleza mwaka 1895 kwamba matundu ya pua hupokezana: moja linavimba kidogo na kupumzika huku jingine linafanya kazi, na baada ya saa chache yanabadilishana zamu. Zoezi hilo hutuliza moyo na akili kwa sababu linakulazimisha upumue polepole, na hilo ni jema. Kuzibua ni habari nyingine. Kinachozibua pua upesi ni kutembea kwa kasi. Panda njia ya mlima Kwaraa kwa dakika kumi na utaona: mwili unapojituma, mishipa ya damu ndani ya pua hujibana na njia inapanuka. Mikao ya yoga ya kuinamisha kichwa chini nisingempa mtu mwenye sainasi iliyovimba. Inaongeza lile jiwe uzito. Na usiku inua kichwa kwa mto wa ziada.

Chombo chenye ushahidi mzuri zaidi katika hazina ya yoga ni kingine kabisa: maji ya chumvi puani, ambayo Wahindi huita neti. Kwa majirani Waislamu kupandisha maji puani na kuyapenga ni jambo la kila udhu, kwa hiyo kitendo chenyewe si kigeni; kinachoongezwa ni chumvi na wingi wa maji. Nchini Uingereza jaribio lililowahusisha wagonjwa 871, lililotangazwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba waliosafisha pua kwa maji ya chumvi walipata nafuu kiasi. Katika jaribio hilohilo waliojifukiza kwa mvuke hawakupata nafuu ya maana, ila maumivu ya kichwa yalipungua kidogo. Najua hilo litawagusa wengi, maana mwaka 2020 nyungu ilienea sana hapa nchini. Mvuke unaliwaza, na sina ugomvi na harufu ya mkaratusi. Lakini sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi limeunguza watoto na wazee, na kwa faida ndogo kiasi hicho, mimi mtoto wangu simwingizi humo.

Maji yenyewe yana sharti ambalo silipunguzi. Yachemshwe. Mwaka 2011 watu wawili katika jimbo la Louisiana, Marekani, walikufa baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na ameba aitwaye Naegleria fowleri. Akimezwa hana madhara; akipandishwa puani hufuata mishipa ya harufu mpaka kwenye ubongo. Ni nadra sana, lakini hupona wachache mno. Yaache maji yatokote sawasawa dakika moja. Kwa wanaoishi juu ya mita 2,000, kama kwenye miinuko ya juu ya Mbulu, dakika tatu. Yapoe mpaka yawe vuguvugu. Katika kikombe cha robo lita tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisichojaa. Bomba jipya la sindano lisilo na sindano yake, la mililita 20, linafaa: inama juu ya beseni, geuza kichwa upande, fumbua mdomo na upumulie huko, sukuma maji taratibu tundu la juu, yatatokea la pili. Maji matupu yasiyo na chumvi yanachoma. Yakiwa na chumvi ya kutosha hutaumia.

Katika maduka ya dawa mtu mwenye kamasi za njano hupewa amoksilini kabla hajamaliza kueleza. Rangi ya kamasi haithibitishi bakteria. Mafua mengi ya sainasi ni ya virusi. Ni karibu wawili tu kwa kila mia wanaopata bakteria juu yake, na wengi hupona ndani ya siku kumi kwa kusubiri, maji ya chumvi na kutuliza maumivu. Matone ya kuzibua pua nayo yasipite siku tatu hadi tano, la sivyo pua huzoea na kuziba zaidi yanapokatizwa.

Kuna wakati wa kuacha kuvuma na kuondoka nyumbani. Jicho likivimba au kuona vitu viwili, homa kali ikija na shingo kukakamaa, ugonjwa ukipungua halafu ukarudi kwa nguvu: hospitali siku hiyohiyo. Wa Babati mjini na Sigino wanayo hospitali ya Mrara. Dalili zikipita wiki 12, au damu ikitoka upande mmoja tu, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, wapo. Na mtoto mdogo anayetoa kamasi zenye harufu mbaya tundu moja tu, msimwite mwenye sainasi. Katika nchi ya mbaazi, mara nyingi ni punje aliyoipachika mwenyewe.

Nilipomaliza, mama mdogo alitazama jikoni kwake. Mafiga matatu, kuni za mjohoro, ukuta mweusi mpaka kwenye paa. Hakuna pumzi kumi za asubuhi zitakazoshindana na moshi wa saa nne kila siku, kwa kuwa moshi hulemaza vilevile vinyweleo vinavyopandisha ute. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mama mdogo mtungi wa gesi anao, zawadi ya binti yake, umefunikwa kwa kitambaa cha kudarizi sebuleni, kwa sababu kuujaza ni gharama.

“Basi nitautumia kwa chai na maji ya pua,” alisema. “Ugali na makande yaende kwa kuni, nje, chini ya mti.” Siku iliyofuata aliwaambia vijana wa mashine waigeuze ili upepo upeleke pumba shambani badala ya mlangoni, akajifunga khanga iliyoloweshwa. Jioni mjukuu wake wa miaka minne alikuja mbio kuniita, kuna nyuki chumbani kwa bibi. Tulisimama mlangoni tukisikiliza. Alikuwa ameanza chini mno, kooni. Pumzi ya tatu akaipandisha kidogo, na kidole chake kikatulia ubavuni mwa pua.