Namba Isiyorudi: Sayansi ya Kibao cha King'ora Kisicho na Waya

Ukinunua umeme wa LUKU unapewa tarakimu 20. Unazibonyeza kwenye kibao cha ukutani, mita inakubali, yuniti zinaongezeka. Ziingize tarakimu zilezile mara ya pili na mita itakataa. Kila mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, analijua hilo, kuanzia Magomeni ya Dar es Salaam hadi Magomeni ya Kilosa, kata iliyo mkoani Morogoro. Wanaojiuliza mita inajuaje ni wachache.

Jibu limo ndani ya tarakimu zenyewe. Zimebeba, kwa mafumbo ya kihisabati, alama ya dakika ambayo tokeni ilitolewa, ikihesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita hukumbuka alama zilizokwisha kuingia, hivyo tokeni iliyotumika haina kazi tena. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216, karibu miaka 32. Ndiyo sababu mwaka 2024 wateja walitakiwa kuingiza seti za namba za ziada kabla ya tarehe 24 Novemba. Hesabu ilikuwa inafika ukingoni kwa mita zote duniani zinazotumia mfumo huo, na ilibidi ianzishwe upya.

Kanuni hiyo ya namba inayofanya kazi mara moja na kufa ndiyo inayotenganisha king'ora cha kweli na pambo la ukutani. Mwenye duka la wakala wa fedha au ghala la mahindi anapofungiwa kibao cha king'ora kisicho na waya, wasiwasi wake wote huwa kwenye tarakimu nne za siri atakazobonyeza. Ulinzi wake unategemea zaidi namba ambazo hatawahi kuziona.

Waya ulipoondoka

King'ora cha umeme ni cha zamani kuliko balbu ya Edison. Mwaka 1853 Augustus Pope, mkazi wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, alipata hataza ya kifaa kilichounganisha milango na madirisha kwa nyaya za betri. Mlango ukifunguliwa, mzunguko wa umeme ulikamilika na sumaku ikaigongesha kengele. Miaka michache baadaye Edwin Holmes alinunua haki za uvumbuzi huo na kuufanya biashara.

Mfumo wa waya una udhaifu ulio wazi, kwani waya hukatwa. Tena kwenye nyumba iliyokwisha kupigwa lipu, kuupitisha ni kuchimba kuta upya. Mawimbi ya redio yameondoa usumbufu huo wote, lakini yameleta udhaifu wa aina nyingine. Wimbi halichagui msikilizaji. Kibao kinapoiambia mashine kuu ya king'ora "zima ulinzi", ujumbe huo unapenya ukuta na kumfikia yeyote aliye nje na kipokezi cha masafa hayo.

Vifaa vya bei ya chini kabisa hutuma namba moja isiyobadilika, mara nyingi ya biti 20. Hiyo ina uwezekano wa kuwa mojawapo ya namba 1,048,576, idadi inayotia moyo ukiisikia dukani. Lakini mwizi hana sababu ya kubahatisha. Anarekodi ujumbe mara moja jioni mwenye duka anapoingia, kisha anaurudisha hewani usiku jinsi ulivyo. Hahitaji hata kuuelewa.

Jibu kutoka Afrika Kusini

Mojawapo ya majibu yaliyoenea sana duniani lilitoka bara hili. Katika miaka ya 1980, kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini ilitengeneza mfumo ulioitwa KeeLoq. Hesabu zake zilibuniwa na Gideon Kuhn, na Willem Smit akaziweka ndani ya chipu ndogo. Mwaka 1995 kampuni ya Microchip ya Marekani ilinunua teknolojia hiyo kwa zaidi ya dola milioni 10, na chipu zake zikaenea kwenye rimoti za magari na mageti.

Kitumaji na kipokezi huhifadhi ufunguo mmoja wa siri na hesabu moja. Kila kitufe kinapobonyezwa, hesabu inapanda kwa moja, inachanganywa na ufunguo, na kinachorushwa hewani ni matokeo ya mchanganyiko huo. Mashine kuu inafungua fumbo na kuangalia kama hesabu imesonga mbele. Iliyokwisha kupita haipokelewi tena. Mtoto akichezea rimoti mbali na nyumbani, hesabu ya kitumaji inatangulia kidogo, kwa hiyo mashine huruhusiwa kukubali namba kadhaa za mbele.

Wataalamu wa usalama hawakulala. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr huko Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba kwa kupima umeme unaotumiwa na chipu inapopiga hesabu zake, ufunguo wa siri wa mtengenezaji unaweza kupatikana. Mwaka 2015 Mmarekani Samy Kamkar alionyesha hila nyingine. Kifaa kidogo kinavuruga masafa ili ujumbe usifike, huku kikiurekodi. Mwenye mali anabonyeza tena, kifaa kinaachilia ujumbe wa kwanza na kubaki na wa pili, ambao bado haujatumika.

Mifumo mizuri ya leo huziba mwanya huo kwa mazungumzo ya pande mbili. Kibao kikiomba ulinzi uzimwe, mashine kuu inakitumia swali la kubahatisha, nacho hujibu swali hilohilo kwa ufunguo wa siri. Jibu la jana halifai kwa swali la leo. Kanuni inayotumika sana kuficha mazungumzo hayo ni AES, iliyobuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen na kuwa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 2001. Ufunguo wake mfupi kabisa una biti 128, na hakuna kompyuta inayoweza kujaribu funguo zote za urefu huo mmoja baada ya mwingine ikamaliza.

Ufunguo huo hukabidhiwa wakati wa kuoanisha, yaani fundi anapoweka mashine kuu katika hali ya kusajili na kuwasha kibao karibu yake. Kazi hii ifanyike mezani, kabla ya kutoboa ukuta. Kibao kikigoma kusajiliwa, ni rahisi kukibadilisha kikiwa bado ndani ya boksi.

Tarakimu nne na vidole vyenye mafuta

Baada ya kuoanisha, namba za kiwandani zibadilishwe, na ziko mbili: ya mtumiaji na ya fundi. Ya pili ndiyo inayosahaulika, ilhali mara nyingi imechapishwa kwenye kitabu cha maelekezo ambacho mtu yeyote anaweza kukisoma.

Tarakimu nne zina mipangilio 10,000. Kibao kinachojifunga kwa sekunde 90 baada ya makosa matatu kitamchukua mwizi zaidi ya saa 83 kuimaliza yote. Tatizo ni kwamba watu hawachagui ovyo. Mwaka 2012 mchambuzi wa takwimu Nick Berry alipitia namba za siri zilizovuja mtandaoni na kukuta 1234 peke yake ilichukua karibu asilimia 11. Miaka ya kuzaliwa nayo ilijaa tele.

Vidole navyo husema. Kibao cha duka la mafuta ya kula au unga kinachakaa kwenye vitufe vinavyobonyezwa kila siku. Mwizi akiona vitufe vinne vimefifia, amebakiwa na mipangilio 24 tu. Vikififia vitatu, maana yake tarakimu moja inajirudia, na mipangilio ni 36. Kwa hiyo tarakimu tatu tofauti ni kinga bora kidogo kuliko nne mbele ya jicho la namna hiyo. Dawa ya kweli ni kufuta kibao na kubadilisha namba, hasa mfanyakazi anapoondoka. Mfumo mzuri humpa kila mtu namba yake, ili ya aliyeondoka ifutwe bila kuwasumbua waliobaki.

Mabati, matofali na joto la Kilosa

Katika masafa ya megahezi 433, wimbi moja lina urefu wa sentimita 69 hivi. Katika 868 ni karibu nusu yake. Mawimbi hayo hupita ukuta wa matofali ya kuchoma yakiwa yamepungua nguvu, lakini hurudishwa na chuma. Duka lililojengwa kwa mabati, mlango wa geti la chuma na dirisha lenye nondo nene vyote huyapinda au kuyazuia. Mashine kuu isiwekwe nyuma ya friji wala juu ya kabati la chuma. Itafutiwe mahali pa katikati, palipofichika, mbali na mlango. Kibao kikae ndani, karibu na mlango wa kuingilia, kimo cha kifua, pasipoonekana kutoka dirishani. Kabla ya kukaza skrubu, fundi akishike mahali hapo, afunge milango yote, na ajaribu.

Masafa yenyewe ni jambo la kuuliza dukani. Vifaa vingi vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani huongea kati ya megahezi 902 na 928, na sehemu ya eneo hilo huku kwetu hutumiwa na simu kuongea na minara. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ndiyo inayoidhinisha vifaa vya redio, na kununua kilichoidhinishwa kunakuepusha na usumbufu wa kisheria na wa kiufundi.

Vihisi vinavyoshirikiana na kibao ni vya aina mbili kuu. Cha mlangoni ni sumaku na swichi ndogo iliyofungwa ndani ya kioo. Sumaku ikisogea, swichi inaachia. Cha mwendo huona joto. Mwili wa binadamu hutoa mionzi isiyoonekana, iliyo mingi zaidi kwenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 9.5, nacho kihisi husubiri chanzo cha joto kisogee kutoka eneo moja la lenzi yake hadi jingine.

Hapa hali ya hewa inaingilia. Ngozi ya mtu ina nyuzi joto 33 hivi. Chumba chenye paa la bati bila dari, mchana wa Novemba, kinaweza kufika hapo au kupita, na mtu anayeingia akawa hatofautiani na ukuta nyuma yake. Usiku chumba kikipoa, kihisi kinaona vizuri tena. Saa ya hatari kwa kihisi cha mwendo basi si lazima usiku wa manane. Ni mchana ambao duka limefungwa kwa msiba au kwa swala. Kwa sababu hiyo kila mlango uwe na kihisi cha sumaku, ambacho hakijali joto. Mjusi akitembea juu ya lenzi, yeye huonekana mkubwa kama mtu, kwa hiyo kihisi kisiwe karibu na taa inayovuta wadudu, maana mjusi huwafuata.

Umeme, laini na anayesikia

Kibao chenyewe hutumia betri ndogo na hulala muda wote hadi kiguswe, ndiyo maana betri hudumu kwa miezi mingi. Mashine kuu hutegemea umeme wa volti 230 na betri ya akiba. Soketi yake iwe juu. Wakazi wa Kilosa waliopitia mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 hawahitaji kuelezwa sababu.

Mashine nyingi hupiga simu au kutuma ujumbe kwa laini ya kawaida. Laini hiyo husajiliwa kwa alama za vidole kama nyingine yoyote, hivyo isajiliwe kwa jina la mwenye mali, si la fundi, na isikae bila salio. Namba ya siri ya laini iondolewe kwanza, la sivyo umeme ukikatika hadi betri ya akiba ikaisha, ukirudi mashine itabaki ikisubiri mtu wa kuibonyeza.

Yote haya yakikamilika, king'ora bado hakimkamati mtu. Kinaita tu. Thamani yake inategemea atakayeitika: mlinzi, jirani, kijana wa bodaboda wa kijiweni. Kwa hiyo jaribio la mwisho halihusu mawimbi. Uarifu uongozi wa mtaa, usiwaambie majirani saa, washa ulinzi, kisha fungua mlango bila kubonyeza namba, na uhesabu dakika hadi mtu wa kwanza afike. Zikizidi zile zinazotosha kubeba droo ya fedha na kutoka, zungumza na majirani kwanza, kabla ya kumwita fundi akuongezee kihisi kingine.